Mwaka mmoja mmoja
Jamani, juzi bosi kaniongezea mkataba. Mwaka mmoja, tena! Nikamkumbuka Kirk Cousins, mrusha mpira wa Washington kwenye ligi ya NFL, Marekani. Kule timu inaruhusiwa kumzuia nyota wake mwaka mmoja kwa mshahara mnono, bila kumpa mkataba mrefu. Washington walimzuia hivyo 2016, wakarudia 2017. Wakamlipa kama dola milioni 44. Mwaka 2018 akajiondokea zake Minnesota: miaka 3, dola milioni 84, zote za uhakika. Mimi nasema unayemtaka msainishe mapema. Ukimpa mwaka mmoja mmoja, hata umlipe vizuri, unamzoesha kuchungulia mlango. Mimi mwenyewe, nakiri, nimeshaanza kuchungulia. Wadau mnasemaje?