Subira Si Kunyamaza

Wengi mmeuliza mbona video zimepungua, na mbona nikitokea nakaa nimekonda. Jibu ni hili: madaktari wanashuku nina saratani ya damu. Wanashuku. Hakuna mtu amenithibitishia kitu. Leo ni siku ya 12 tangu watoe sampuli, na niliambiwa majibu yanaweza kuchukua hadi wiki 3. Kwa hivyo sina hadithi ya kupona ya kuwapa, wala ya kuaga. Nataka tuongee kuhusu hapa katikati, kwa sababu watu wa rika letu hawapaongelei.

Ilianza na uchovu. Mnanijua, mimi ni mtu wa kuzunguka 46 mzima na simu na stendi yake nikirekodi watu, kutoka Kongo hadi Gatina. Ghafla kupanda ngazi za ploti yetu tu kukawa kunanimaliza. Halafu jasho la usiku, lile la kuamka ukipata shuka imelowa. Halafu vitezi shingoni, vigumu, haviumi. Mtaani kila mtu alikuwa na jina la huo ugonjwa. Mtu wa kemisti alisema taifodi. Jirani akasema damu imepungua, kunywa supu. Shangazi akasema kuna jicho la mtu tangu nianze kupata pesa za mtandao. Hizo pesa hazijawahi kulipa kodi ya nyumba miezi miwili mfululizo, lakini sawa.

Kusema ukweli, mimi niliomba iwe TB. Inasikika vibaya, najua. Lakini TB tunaijua. Inapimwa na kutibiwa bure kwenye hospitali za serikali, dawa kwa kawaida ni miezi 6, na kuna msee wa ploti yetu alimaliza dozi na sasa anacheza boli kila Jumapili. Shida ni kwamba TB ya tezi na limfoma, yaani saratani ya damu inayokaa kwenye tezi, zinaweza kufanana kabisa: homa, jasho la usiku, kukonda, uvimbe shingoni. Kwa macho huwezi kutofautisha. Makohozi yangu yalipimwa, TB haikuonekana. Hemogramu, ile ya kuhesabu chembe za damu, ikaonyesha damu iko chini na chembe nyeupe zimepanda kupita kiasi. Daktari akaagiza uboho utolewe.

Uboho ni ile kitu laini ndani ya mfupa, ndiyo kiwanda cha damu. Unalala kwa ubavu, unadungwa sindano ya ganzi, halafu sindano nyingine nene inaingia kwenye mfupa wa nyonga upande wa nyuma. Ganzi inasaidia sana, lakini ile sekunde wanavuta uboho wenyewe utaisikia. Nikamuuliza daktari, mbona wiki 3 na hemogramu ilitoka siku hiyo hiyo? Akanieleza pole pole. Uboho wa maji unaweza kutazamwa mapema, lakini kipande cha mfupa kinalowekwa kwanza kitolewe madini, ndio kilainike, kikatwe vipande vyembamba sana na kutiwa rangi, ndipo mtaalamu akitazame kwa hadubini. Hayo maelezo ya dakika 2 yalinisaidia kuliko "usijali" zote nilizopewa. Nikiamka saa tisa usiku najiambia: mfupa wangu umelowekwa mahali, kuna mtu anaufanyia kazi. Hawajanisahau.

Mimi nimewahi kungoja vitu. Kabla nitoke kampasi mwaka wa pili nilingoja karo muhula mzima. Lakini kule ukichoka kungoja unafunga begi, unaondoka. Huku utaondoka uende wapi, na ni mwili wako? Simu ikilia moyo unaruka. Ukiangalia, ni Fuliza wanadai pesa yao.

Sasa, ushauri niliopewa zaidi ni mmoja: nyamaza mpaka majibu yatoke. Usimshtue mathe. Subira huvuta heri. Hapo ndipo naachana na wazee wangu kwa heshima. Subira ni kukubali kwamba jibu halijafika. Kunyamaza ni kitu kingine, na Waswahili wenyewe walishasema mficha maradhi kilio humfichua. Mbona ile methali ya kwanza tunaipenda na hii ya pili tunaikumbuka matangani?

Mathe wangu hufulia watu nguo Lavington. Anatoka asubuhi kwa miguu na kurudi jioni mikono imekunjamana kwa maji. Nilimwambia jioni ile ile nilitoka kutolewa uboho, akiwa bado hajavua viatu. Alikaa kimya muda, nikadhani atalia. Akaniuliza, "Baba, umekula?" Nikasema bado. Akasema, "Basi tutangoja pamoja, lakini huwezi ngoja na njaa." Akawasha stovu. Hakuna kitu alibadilisha kwa hospitali. Lakini usiku huo nililala masaa 5, mara ya kwanza kwa wiki.

Na msifikirie huku katikati ni kwa watu wa mtaa pekee. Bob Collymore, yule aliyekuwa mkubwa wa Safaricom, aligunduliwa kuwa na lukemia mwaka 2017. Mwanzoni ilidhaniwa ni upungufu wa vitamini D. Alienda Uingereza kutibiwa, akarudi 2018, akasimulia mwenyewe kwa televisheni. Alifariki Julai 1, 2019. Pesa ilimpa madaktari wazuri, lakini hata yeye hakupewa jina sahihi siku ya kwanza. Na kwa sababu aliongea, Wakenya wengi walisikia neno lukemia kwa mara ya kwanza sebuleni kwao.

Jambo lingine nimejifunza hizi siku 12: saratani ya damu si ugonjwa mmoja. Kuna lukemia, limfoma, mayeloma, na kila moja ina matawi yake. Kuna tawi moja la lukemia lililokuwa linaua wengi ndani ya miaka michache, hadi dawa ya imatinibu ilipoidhinishwa Marekani mwaka 2001. Leo wengi wenye hilo tawi wanameza tembe kila siku na kuendelea na maisha. Kuna limfoma nyingine ambayo Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale Mulago, Kampala, aliieleza mwaka 1958 kwa watoto waliovimba taya, na baadaye ikaonekana inasikia dawa vizuri. Kwa hivyo ukienda Google saa nane usiku uandike "saratani ya damu", utasoma kuhusu magonjwa mengi ambayo huna. Mimi nimejiwekea sheria: sisomi chochote baada ya saa tatu usiku.

Kama na wewe unangoja, hii ndiyo kazi yako ya sasa. Uliza daktari wanatafuta nini, majibu ni lini, na nani atakupigia. Uliza pia ni dalili gani hazingoji. Mimi niliambiwa homa, damu isiyokatika, au kushindwa kupumua: nikiona moja ya hizo naenda hospitali hapo hapo, hata kama ni usiku. Panga SHA mapema. Sisi wa kujitafutia tunalipa ya mwaka mzima, kuanzia 3,600, na hautaki kuanza kuchanga siku ya majibu. Chagua mtu mmoja awe anajibu wale wanaouliza "umefikia wapi". Wangu ni dada yangu, na hana huruma. Na mwambie mtu wa nyumbani, yule atakayekuuliza kama umekula.

Nikipata majibu nitawaambia nikiwa tayari, pengine si siku hiyo hiyo. Kwa sasa kuna video ya mama wa mtura wa Stage 2 sijamaliza kuhariri, na amenikumbusha mara tatu. Ngoja niimalize kabla stima ipotee.