Tulimlaumu mtu, kumbe ni waya

Jamani wenzetu, leo tunaandika aibu yetu wenyewe.

Hapa Kalobeyei, chumba cha kikundi chetu kina umeme wa sola. Kila Jumamosi tunawapikia watoto uji kwa jiko la umeme la sahani moja, maana shida ya kuni mnaijua wote. Kinyozi jirani yetu yuko kwenye laini hiyo hiyo.

Wiki tatu mfululizo, breka ikawa inaruka. Paa! Mashine ya kinyozi inazima, mteja amebaki na nusu kichwa. Watoto wamekaa na vikombe, uji haujachemka. Kinyozi akatuambia, "Vijana, mkiendelea hivi naenda kwa kiongozi wa bloku, mkatwe."

Sisi tukatafuta wa kulaumu. Kuna mwenzetu mmoja, amefika mwaka huu, anachajia watu simu apate pesa ya sabuni. Tukasema ni yeye anayezidisha mzigo. Tukamkataza kuchomeka. Hakujibu kitu, akakusanya chaja zake akaenda.

Jumamosi iliyofuata, yeye hayupo, breka ikaruka tena.

Ndipo tukapiga hesabu. Jiko letu ni wati 1,500. Kwa volti 240 ni ampea 6 na kidogo. Breka ni ya ampea 10. Chaja 10 za simu, kila moja wati 10, hazifiki hata nusu ampea. Hesabu ya dakika mbili, na hatukuifanya kabla ya kumfukuza mtu.

Tukachomoa kila kitu, tukapandisha breka: ikakaa. Tukarudisha kimoja kimoja. Taa, sawa. Mashine ya kinyozi, sawa. Jiko peke yake: paa, hapo hapo! Chombo kikiangusha breka papo hapo kikiwa peke yake, na wati zake ni chini ya uwezo wa breka, basi kasoro iko ndani ya chombo. Tukalichomoa, likapoa, tukaliangalia vizuri. Waya wake ulikuwa umegusa sahani ya moto, plastiki imeyeyuka, nyaya za ndani zinagusana.

Mmoja wetu alishauri tuweke tu breka kubwa. Fundi akamkatalia: "Waya wa ukutani ni ule ule mwembamba. Breka isipokata, utaungua huo." Na nyumba zetu mnajua zilivyobanana; moto haungebaki kwetu. Akatuwekea waya mpya unaostahimili joto, wenye nyaya tatu, pamoja na ile ya arthi.

Baadaye tukaenda kwa mwenzetu, sote. Tukamwambia, "Kaka, tulikukosea." Akatuuliza swali moja tu: "Sasa mbona hamkuniuliza?"

Hatukuwa na jibu. Tukamwomba arudi, tukambebea chaja zake. Jumamosi hii uji umechemka, na yeye ndiye aliyegawa vikombe.

Ndugu zetu, umeme ukikata, anzeni kwa kuchomoa vyombo. Watu waacheni kwanza.