Watoto Niliowaondoa Kwenye Jedwali

Niliwaondoa mwenyewe, wala hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa bado kijana maabarani, kazi yangu kupima kingamwili za RSV, virusi vinavyowabana kifua watoto wachanga. Karibu sampuli zote zilinipa nilichokitarajia: kingamwili nyingi, ugonjwa mwepesi. Ila watoto wachache damu yao ilijaa kingamwili, na bado walilazwa na kuwekewa oksijeni. Nikaandika pembeni "kosa la kipimo". Sikurudia kipimo chenyewe. Grafu ikapendeza, mkuu wangu akanisifu, nami sifa nikazipokea kwa mikono miwili.

Linaloniuma zaidi ni kwamba habari za chanjo ya Marekani ya miaka ya 1960 nilikuwa nimeshazisoma. Virusi viliuawa kwa formalini, watoto wakadungwa, damu yao ikatoa kingamwili. Msimu wa RSV ulipofika, kati ya waliochanjwa kisha wakaambukizwa, asilimia 80 walilazwa; kwa wenzao wa kundi la kulinganishia ilikuwa asilimia 5. Wawili walikufa. Kingamwili zao zilivishika virusi bila kuvizuia. Chuoni niliyaeleza hayo kwenye mtihani nikapata alama nzuri; yaliponijia mezani sikuyatambua.

Mwaka 2013 Jason McLellan, Barney Graham na wenzao walionyesha umbo la protini F ya RSV kabla virusi havijapenya kwenye seli. Protini hiyo ikishafanya kazi yake hugeuka umbo, na kingamwili kali kuliko zote hulenga lile la kwanza. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa chanjo zilizoidhinishwa 2023, mojawapo ikitolewa pia kwa wajawazito ili mtoto azaliwe na kinga. Nilisoma makala yao kwa aibu. Kipimo changu kilihesabu kila kingamwili iliyonasa, ya kufaa na isiyofaa, zote kapu moja.

Sisemi kwamba ningegundua walichogundua wao. Pengine wale watoto walikuwa na shida nyingine kabisa, ya moyo au ya bakteria. Lakini swali lilikuwepo, nami nikalifuta. Nilipomwandikia mkuu wangu wa zamani kuomba sampuli zipimwe upya, safari hii kwa kuangalia kama zinazuia virusi, alinijibu kwa upole kwamba friza ilishasafishwa kitambo. Jedwali bado linanukuliwa, jina langu likiwa la pili kwenye orodha ya waandishi. Wiki hii nimewaandikia wahariri wa jarida.