Shilingi 199,800

Jioni moja mwaka 2019, kina mama wa kikoba walikaa kimya barazani kwetu Manzese. Mimi ndiye niliyewasomea hesabu: kompyuta inasema sanduku limepungukiwa shilingi 199,800. Wote wakamgeukia shangazi yangu, mweka hazina. Muuza vitumbua mmoja akasema, "Mashine haina undugu."

Shangazi alilikumbatia daftari lake. "Mimi sijala hela ya mtu."

Na mimi, ndugu msomaji, niliyelelewa na mama huyo, nilinyamaza. Programu ile ya JavaScript nilikuwa nimeiandika mwenyewe. Ningeanzaje kuishuku?

Usiku usingizi ulinipaa. Nikawasha kompyuta, nikafungua programu kwenye kivinjari, nikabonyeza F12. Hapo panatokea konsoli: unaandika mstari mmoja, unabonyeza Enter, mashine inakujibu papo hapo. Haitaki hotuba wala kelele. Ukiuliza ovyo, unajibiwa ovyo.

Nikauliza jumla ya michango. Sawasawa na daftari. Nikaita orodha ya mikopo. Ikaja minne, kila mmoja umeandikwa "50,000". Macho yakaganda kwenye alama zile za kunukuu. Kumbe kwa mashine hizi hazikuwa namba, yalikuwa maandishi! Michango niliingiza mimi, bila mkato. Mikopo aliingiza shangazi, na mkato wake safi kama alivyofundishwa shule.

Nikaandika:

parseInt("50,000")

Jibu likaja:

50

Hiyo parseInt ndiyo amri niliyoitumia kugeuza maandishi kuwa namba. Inasoma tarakimu kuanzia kushoto. Ikikuta isichokijua, hata kama ni mkato tu, inaishia hapo hapo na wala haipigi kelele. Kwa hiyo kila mkopo wa elfu hamsini ulitolewa kwenye hesabu kama shilingi hamsini. Mara nne. Piga mwenyewe: 49,950 mara 4.

Jasho likanitoka. Tena mwizi gani huyo wa kuchukua laki mbili halafu akarudisha mia mbili?

Ningeweza kuitupia lugha lawama, maana Brendan Eich wa Netscape aliitunga kwa mara ya kwanza mwaka 1995 kwa siku kama 10 tu. Lakini lugha ilifanya nilichoiagiza. Mwizi nilikuwa mimi.

Alfajiri nikamgongea mlango.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hukulala?"

Nikamweka mbele ya kompyuta. Akaandika mwenyewe kwa kidole kimoja, polepole, na mkato wake. Akabonyeza. 50. Akaitazama muda mrefu.

"Kumbe haijui mkato."

"Mimi ndiye sikuifundisha."

Nikaongeza mstari mmoja wa kufuta mikato kabla namba hazijasomwa. Hesabu ikakaa sawa mpaka shilingi ya mwisho. Jioni yake nikasimama barazani, nikaungama mbele ya kina mama, nao wakamtaka radhi. Yule wa vitumbua alileta sahani nzima. Yakaisha.

Ila asubuhi ile, kabla hajainuka kwenye kiti, shangazi aliniuliza jambo moja kwa sauti ya chini:

"Mashine umeiuliza usiku kucha, mwanangu. Mimi mbona hukuniuliza hata mara moja?"