Kompressor, ada ya chuo na bibi harusi

Nyuma ya gari la kaka yangu kumeandikwa neno Kompressor kwa herufi za kung'aa, na neno hilo limeshatuletea maneno. Kwenye taa za Mwenge wauza maji huuliza tairi moja tunajaza upepo kwa shilingi ngapi. Kaka hukasirika. Mimi hucheka, kwa sababu wale vijana hawako mbali na ukweli hata kidogo.

Gari lenyewe ni Mercedes C200 ya mwaka 2004, nyeupe, mtumba wa Japani. Injini yake ni cc 1,796 tu, ndogo kwa gari la ukubwa ule, lakini inatoa nguvu za farasi 163. Siri ni supachaja, yaani kompresa ya kweli kabisa inayozungushwa na mkanda wa injini na kusukumia hewa ndani ya silinda. Tabo huzungushwa na moshi wa ekzosi, hii ya mkanda haisubiri moshi wa mtu. Pampu ya namna hii ilipata hataza Marekani mwaka 1860, kazi ya ndugu wawili wa ukoo wa Roots huko Indiana, kabla hakujawa na gari la petroli duniani. Mercedes nao walipeleka magari yenye kompresa kwenye maonyesho ya Berlin mwaka 1921. Kwa hiyo ukimwona kaka anajidai kuwa ana teknolojia mpya, mwache tu.

Sasa basi. Kaka hakununua gari hili kwa ajili ya kutamba. Analikodisha kwa harusi. Kila Jumamosi linafungwa riboni, mbele pikapu ya matarumbeta, nyuma maharusi. Fedha hiyo ndiyo inayomlipia ada mdogo wetu wa mwisho, ambaye yuko mwaka wa pili chuoni. Februari, fundi mmoja akamwambia kaka kwamba gari limepungua nguvu kwa sababu intakula yake ni ndogo. Akiagiza kubwa kutoka nje ataongeza farasi 30. Bei, pamoja na usafiri na ushuru, shilingi 1,600,000. Kaka alikuwa na 1,600,000. Ndiyo ada ya muhula wa pili.

Akaniletea karatasi ya bei nimsomee, kwa kuwa mimi ndiye "msomi wa nyumba".

Intakula ni nini? Aliyewahi kujaza baiskeli kwa pampu ya mkono anajua kwamba ukipampu sana bomba lake linachoma vidole. Hewa ikibanwa inapata joto. Chukua hewa ya Dar ya nyuzi 30, ibane hadi mgandamizo uwe mara moja na nusu ya ule wa kawaida. Hata kompresa isiyopoteza chochote ingeitoa ikiwa na nyuzi 67 hivi, na pampu ya aina ya Roots inapoteza, kwa hiyo inaweza kukaribia 100. Hewa ya moto hutanuka, kwa hiyo katika silinda ile ile inaingia kidogo. Tena injini ikiona joto hilo inachelewesha cheche za plagi ili mafuta yasilipuke ovyo na kugonga pistoni, na hapo unapoteza nguvu mara ya pili. Ndipo intakula inapohitajika, nayo ni kama rejeta, ila ndani yake mnapita hewa badala ya maji. Ukiishusha hewa kutoka 97 hadi 50 unaingiza hewa zaidi kwa karibu asilimia 15. Ndege za kivita za Spitfire Mk IX, zilizoingia vitani mwaka 1942, zilikuwa nayo kwenye injini zao za Merlin kwa sababu hiyo hiyo.

Lakini gari la kaka tayari lina intakula! Swali ni kubwa zaidi itaongeza nini. Nikampigia hesabu mezani. Tuseme sasa hewa inatoka na nyuzi 60, na kubwa itaishusha hadi 45. Hiyo ni hewa zaidi kwa asilimia 5 hivi, sawa na farasi wanane. Wale 30 sikuwaona popote.

"Bwana mdogo," akasema, "wewe umezoea kuandika bajeti ya serikali, usiniletee mambo ya Dodoma kwenye gari langu."

Nikamwomba kitu kimoja tu: tupime kwanza. Tukaenda kwa fundi mwingine, Gerezani, mzee mpole mwenye skana. Gari hili lina sensa inayosoma joto la hewa baada ya intakula, kwa hiyo hakuna haja ya kubahatisha. Kaka akakanyaga mafuta kutoka Tegeta kuelekea Bunju, mimi nikiwa na daftari kama niko kazini. Nje nyuzi 32, ndani 63. Kwenye foleni ya kurudi, 78.

Mzee wa Gerezani akafungua bampa. Intakula ilikuwa imejaa tope na wadudu waliokauka, na vijipezi vya mbele vimelala. Ile plastiki inayoelekeza upepo uingie katikati ilikuwa haipo, nadhani ilivunjika kwenye tuta fulani na hakuna aliyeiulizia. Upepo kama maji unapenda njia rahisi: ukiachiwa upenyo pembeni, unapita pembeni. Alipoigeuza, ikamwagika oili karibu nusu kikombe. Hozi ya kupumulia ya injini ilikuwa imepasuka, jambo la kawaida kwa injini hizi zikizeeka, na mvuke wa oili ulikuwa umepaka kuta za ndani kama blanketi. Akasafisha kwa mafuta ya taa, kisha sabuni na maji ya moto, akaianika siku nzima. Akakata bati jembamba badala ya ile plastiki, akaziba pembeni kwa sponji. Hozi mpya, kazi na chai, jumla 185,000. Tukarudi Bunju: 49. Foleni: 72.

Mimi ningeishia hapo. Kaka ni kaka, na gari ni lake. Wiki iliyofuata akapata intakula nene ya kuchongesha, kiini cha mtumba kilichounganishwa kwa kuchomelea aluminiamu, kwa 420,000. Nilikasirika, sitaficha. Nilikuwa nimeshamwambia mdogo wetu kwamba ada ipo.

Ikafungwa. Bunju, nyuzi 41. Jamani, ilikuwa tamu, gari linavuta bila kulalamika. Yule aliyeichomelea akashtuka tu kuona mgandamizo kwenye skana umeshuka kidogo, akadhani kuna mahali panavuja. Hapakuwa na uvujaji. Kompresa ya mkanda inasukuma ujazo ule ule kila mzunguko, na hewa iliyopoa inajibana katika nafasi ndogo, kwa hiyo mgandamizo unaweza kupungua huku hewa yenyewe ikiongezeka. Wengi wanasoma mgandamizo peke yake, na hapo ndipo wanapouziwa mambo.

Jumamosi ikafika. Msafara kutoka Sinza kwenda ukumbini Mbezi, mwendo wa matarumbeta, labda kilometa 15 kwa saa. Mimi nilikaa mbele kwa dereva. Kile kiini kinene kimesimama mbele ya kondensa ya AC na rejeta, na kwa mwendo ule hakuna upepo wa kukipenya zaidi ya ule unaovutwa na feni. Hewa ya injini ilisoma 70, karibu sawa na mwanzo! Maji ya injini yakapanda hadi 108. AC ikaanza kutoa upepo wa vuguvugu. Nyuma, bibi harusi alikuwa anajipepea kwa kadi ya mwaliko, na wanja umeanza safari yake kuelekea mashavuni. Msimamizi wake akanigusa bega: "Kaka, hii ni AC au ni hita?" Tukafungua madirisha, vumbi la Mbezi likatupokea.

Mwenye harusi alikata 50,000 kwenye malipo, na sikuona sababu ya kumlaumu.

Jumatatu kaka mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, aliendesha hadi Gerezani akamwomba mzee arudishe intakula ya zamani na bati lake. Ada ililipwa kwa awamu mbili, ya pili nikaongezea mimi kutoka kwenye posho ya safari ya Mtwara. Ile nene iko sebuleni kwake nyuma ya mlango, anaiuza 350,000, bei ina maelewano. Kama unakwenda Arusha mara kwa mara na hubebi bibi harusi, atafurahi kukuona.