Siku ya Mvua Galu

Msomaji, huenda siku moja nawe ukapanda baiskeli ukaenda mbali. Nakusimulia siku moja ya mvua katika safari yangu, si kwa kuwa ilinipa sifa, bali kwa kuwa ilinipa aibu. Na aibu iliyokubaliwa ni mwalimu mwema.

Mwezi wa Mei 2017 nilitoka Malindi kwa baiskeli, nikikusudia kufika Tanga kwa siku 3. Siku ya kwanza nilikwenda kilomita 120 hivi mpaka Mombasa, juani, nikajiona hodari. Alfajiri ya pili nilivuka kwa feri ya Likoni, nikaelekea kusini. Mei ni mwezi wa mvua nyingi katika pwani ile, na upepo wa kusi humpiga usoni msafiri aendaye upande huo. Sijafika Diani, nilikuwa nimekwisha kurowa. Watu walijikinga vibarazani, na mzee mmoja aliniita nipumzike. Nilimpungia mkono, nikapita. Nilikuwa nimejiahidi kulala Lunga Lunga, karibu na mpaka, nikaiona ahadi hiyo kuwa kubwa kuliko mvua.

Huko Galu nilishika njia ya udongo ili nirudi barabara kuu. Matone yalinichoma macho, nikainamisha kichwa na kuzidi kukanyaga. Nilipokiinua, mtoto wa kike wa miaka kama 9 alikuwa mbele yangu, amejifunika beseni kichwani, amekumbatia pakiti ya unga. Nilikamata breki; hazikushika. Yafaa ujue sababu yake. Gurudumu likirowa, maji hukaa kati ya mpira wa breki na chuma, na gurudumu huzunguka mara kadhaa kabla mpira haujayafuta. Mwendo ulio salama juani huwa hatari mvuani. Mtoto aliruka pembeni akanusurika, lakini pakiti ilimponyoka, ikapasuka matopeni. Hakuililia hofu yake, aliulilia unga.

Alikuwa na haki ya kulia. Ukame ulikuwa umeharibu mavuno ya mahindi, na unga umeadimika nchini Kenya. Pakiti ya kilo 2 ilikuwa imepita shilingi 150, hata mwezi ule ule serikali ikaingilia kati ili iuzwe kwa shilingi 90. Nilikwenda naye dukani. Mwenye duka akasema ile ilikuwa ya mwisho. Duka la pili halikuwa na unga, wala la tatu. Fedha nilikuwa nazo mfukoni, lakini hazikuwa na kazi.

Tulifika kwao, nikapiga hodi. Bibi yake akatoka.

"Shikamoo, bibi. Mvua imeniharibia breki, nami nimeumwaga unga wenu."

"Marahaba, mwanangu. Ingia ukauke kwanza." Alimtazama mjukuu wake toka kichwani hata miguuni, akamwona mzima. Kisha akanigeukia kwa upole. "Mvua imetunyeshea sote. Wewe ulikuwa ukiwahi wapi?"

"Lunga Lunga, bibi."

"Kwani Lunga Lunga inahama?"

Sikuwa na jibu. Niliomba jembe, nikachimba muhogo nyuma ya nyumba, naye akaupika kwa tui la nazi. Tulikula pamoja, na fungu kubwa akapewa mgeni, yaani mimi niliyewakosesha ugali. Muhogo ule ulikuwa mtamu, lakini ulipita kooni kwa shida.

Mvua haikukatika mpaka usiku, nikalazwa pale. Kulipopambazuka nilirudi nyuma hadi Ukunda, nikatafuta unga mpaka nikaupata, nikaupeleka Galu. Nilikwenda polepole, ijapokuwa jua lilikuwa limetoka na breki zilikuwa kavu.

Tanga nilifika siku ya 4. Hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza kwa nini nimechelewa.

Basi, msomaji, mvua ikikukuta njiani, punguza mwendo, inua kichwa, ukamate breki mapema. Ukiitwa barazani, simama. Na ukimkosea mtu, usiisingizie mvua. Ile ya Galu haikunikosea; ilinyesha tu, kama ilivyomnyeshea yule mtoto, naye alikuwa akitembea.