Kabla shule hazijafunguliwa, watoe watoto nje

Dar es Salaam. Saa nne asubuhi, katikati ya wiki, watoto watatu wamejibanza kwenye kochi moja. Mmoja ameshika simu ya mama, wawili wanachungulia begani kwake. Katuni ikiisha, nyingine inaanza. Nje kuna hali ya hewa ambayo jiji hili huipata miezi michache tu kwa mwaka: masika yamekwisha, upepo wa kusi unavuma, jua halichomi kama la Februari. Siku chache zijazo sare zitapigwa pasi na likizo itakuwa imeishia sebuleni.

Wazazi wengi wakisikia neno matembezi huwaza Serengeti, wakipiga hesabu ya mfukoni wanaacha. Lakini mtoto hahitaji simba. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa angalau dakika 60 kwa siku za kuushughulisha mwili mpaka pumzi ipande. Utafiti wa macho nao umeonyesha kuwa watoto wanaokaa zaidi nje kwenye mwanga wa mchana wana nafasi ndogo ya kupata tatizo la kutoona mbali. Kwa mtaa ambao uwanja wake umeshajengwa fremu za maduka, dakika hizo inabidi kuzifuata.

Pa kuanzia ni Pugu. Ukipita Gongo la Mboto kwa barabara ya Kisarawe, nyumba zinaanza kuachana, mwinuko unaanza, na hewa inabadilika kabla hujaambiwa umefika. Msitu wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi ni mabaki ya misitu ya kale ya pwani, na umeponea chupuchupu kwa wachoma mkaa na wanaotaka viwanja. Unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Kuna kiingilio, na raia hulipa kidogo kuliko mgeni. Ulizia bei kabla ya kutoka nyumbani ili usije ukaumbuka getini na watoto wanne.

Ndani kuna njia za kutembea kwa miguu na bwawa la Minaki, ambapo familia hutandika mkeka na kufungua hotpoti. Mtoto mwenye subira anaweza kubahatika kumwona sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza, akifukua majani makavu kutafuta wadudu. Mwenye kelele hatamwona, na hilo peke yake ni somo la nusu saa la kunyamaza. Wakubwa kidogo waelezwe kwamba katika vilima hivi Julius Nyerere alifundisha, katika shule ya Mtakatifu Francis, hadi alipoacha kazi mwaka 1955 ili ashughulike na siasa.

Pugu pia inajulikana kwa mapango ya popo, yaliyoachwa na uchimbaji wa udongo mweupe wa kaolini. Jioni popo hutoka kwa makundi na ni jambo la kutazamwa. Litazamwe kutoka nje, kwa mbali. Virusi vya Marburg, vilivyoua watu mkoani Kagera mwaka 2023 na tena mwaka 2025, huhusishwa na popo wala matunda wanaoishi mapangoni na migodini. Hakuna sababu ya kuikimbia Pugu kwa hilo, ila hakuna pia sababu ya kumwingiza mtoto pangoni akanyage kinyesi cha popo ili apigwe picha. Matunda yaliyong'atwa yaachwe chini yalipo, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Wavae suruali ndefu na viatu vya kufunika. Mbu wa jioni hawajali kama mko likizo.

Kwa upande wa bahari, Kunduchi ina magofu ambayo watu wa jiji huyapita kila siku bila kujua. Kuna msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo zilizopachikwa bakuli za kauri kutoka China, yote katikati ya mibuyu. Saa moja inatosha. Kutoka maeneo hayo boti huvuka kwenda kisiwa cha Mbudya, lakini msimu huu wa kusi bahari huchafuka zaidi mchana, kwa hiyo ondokeni mapema na mrudi mapema. Boti isiyo na jaketi la kujiokolea linalomtosha mtoto, si linalomvuka magotini, isipandwe hata kama nahodha ni jirani yako.

Maji ndiyo sehemu ambayo mzazi hapaswi kuangalia simu. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Anatoweka huku watu wakicheka pembeni. Asiyejua kuogelea awe umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mtu mzima aliyetajwa kwa jina kuwa ndiye mlinzi, maana "sote tunawaangalia" huishia kuwa hakuna anayeangalia. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hupwa mbali na kurudi kwa kishindo. Wavuvi wa ufukweni watakwambia saa ukiuliza.

Kama fedha ni ya nauli tu, kuna kivuko cha Magogoni. Watoto wadogo hupenda kusimama kwenye kingo, wakiwa wameshikwa mkono, kutazama meli kubwa ikipenya mlango mwembamba wa bandari. Mkifika Kigamboni mnakula muhogo, mnageuza. Mkirudi upande wa Feri, soko la samaki liko palepale, na mtoto aliyezoea samaki wa kwenye sahani ataona pweza mzima kwa mara ya kwanza. Nendeni asubuhi, kabla harufu haijapanda.